Njia ya Faili Si Anwani ya Milele

Tangu mwaka wa kwanza tunafundishwa kwamba katika Linux kila kitu kina mahali pake: programu hukaa /usr/bin, maktaba /usr/lib, mipangilio /etc. Tunakariri, tunaulizwa katika mtihani, tunapata alama. Nasema wazi: mafundisho haya yakitolewa kama sheria, yanatudhuru.

Mpangilio huo ni makubaliano tu, yaliyoandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1994, na toleo lake la 3.0 likatoka mwaka 2015. Si kila mfumo uliyafuata. NixOS huweka kila programu ndani ya /nix/store, katika saraka yake yenyewe, ili matoleo mawili ya programu moja yakae pamoja bila kugombana. Huko, /usr/bin kwa kawaida ina env peke yake. Skripti inayoanza kwa #!/bin/bash hugoma papo hapo, na mashine hudai kuwa faili haipo ilhali mwanafunzi anaiona kwa macho yake. Kisichokuwapo ni /bin/bash. Angeandika #!/usr/bin/env bash, kazi ingeendelea.

Wapo wanaojibu kwamba aliyechagua mfumo wa ajabu avumilie ajabu zake. Hoja hii haisimami, kwa sababu kontena zimeleta ugeni uleule hadi kwenye mifumo ya kawaida. Tangu mwaka 2002 kiini cha Linux kinaweza kuupa mchakato mtazamo wake wenyewe wa mfumo wa faili. Flatpak hutumia uwezo huo: ndani yake /usr si ile ya mashine, na programu yenyewe imo /app. Jina ni lilelile, kitu ni kingine.

Sasa unganisha mambo hayo mawili. Mtumiaji wa NixOS ana mandhari ya aikoni katika saraka yake ya nyumbani, lakini kilichopo pale ni kiungo kinachoelekeza /nix/store. Programu ya Flatpak iliyoruhusiwa kusoma saraka hiyo inakiona kiungo, ila /nix/store haimo ndani ya kontena. Kiungo kinaelekeza hewani. Ni sawa na kumwambia mgeni apinde kulia penye mwembe, ilhali mtaa aliosimama hauna mwembe.

Wengi hukimbilia kuifungulia programu faili zote za mashine. Hapo napinga kwa nguvu zote. Kontena iliwekwa ili programu tusiyoiamini isichungulie barua na nywila zetu. Tukiibomoa kwa ajili ya aikoni, tumeuza nyumba kununua pazia. Kuiruhusu isome /nix/store pekee, bila kuandika, kunatosha.

Kwa hiyo nawaomba wahadhiri wetu wasiishie kuuliza faili iko wapi. Waulize pia: njia hii inasomwa na nani, akiwa ndani ya mazingira gani? Nasi wanafunzi tuache kuandika njia nzima ndani ya programu. Tutafute amri kupitia PATH, tusome XDG_DATA_DIRS, na tujaribu kazi zetu ndani ya kontena kabla ya kuzikabidhi. Programu inayofanya kazi kwenye mashine ya aliyeiandika tu bado haijakamilika, hata ikipewa alama zote.