Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Mji Wetu: Nirudishie Matembezi Yangu

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakuarifu kuwa mimi ni mmoja katika raia waliozoea kwenda kwa miguu kila alfajiri katika barabara ya pwani ya mji huu, na kwamba tangu mkandarasi wako alipoufunua mtaro wa barabara hiyo akavipanga vifuniko vyake kando, kisha vifuniko vikatoweka kwa njia ambayo wanunuzi wa vyuma chakavu bila shaka wanaijua kuliko ofisi yako, mimi sitembei. Habari ya mtaro unayo, maana diwani wetu aliieleza kikaoni na mwenyekiti wa mtaa aliiandika. Sina haja ya kuikariri. Haja yangu ni kukujulisha lililonipata mimi, kwa sababu mwanangu alipofika ofisini kwako kutaka jawabu, karani wako alimwambia, kwa upole mwingi, kwamba matembezi ni starehe ya mtu mwenyewe, na mzee wa umri wangu ni bora apumzike nyumbani.

Namshukuru karani kwa huruma yake. Lakini mimi nina maradhi ya sukari, na mwenye maradhi haya hupumzika nyumbani kwa hasara. Misuli ya miguu inapofanya kazi huivuta sukari kutoka katika damu na kuiunguza, hata katika mwili ambao insulini imekwisha kupoteza amri juu yake. Na faida hiyo haiwekwi akiba, bali hufifia baada ya siku moja au mbili, ikawa sharti itafutwe upya. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, liliwataja kwa makusudi wenye maradhi ya kudumu kama yangu, likawashauri dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa wastani kila wiki. Starehe halikuitaja. Vidonge vyangu navinunua duka la dawa. Dawa hii ya pili ilikuwa bure, nikiichukua katika barabara yako, na sasa sitembei.

Wala usidhani kwamba kuidumisha ada hii kulikuwa jambo jepesi. Maradhi ya kudumu yana hila, maana humjia mtu asubuhi moja kwa kichwa kizito, asubuhi nyingine kwa ganzi ya nyayo, na nyingine kwa uchovu usio na asili, na kila moja huja na udhuru wa kweli usioweza kukanushwa. Nami niliacha kubishana na udhuru. Siku ya afueni nilifika mpaka mnara wa taa nikarudi; siku ya unyonge nilikwenda mpaka mwembe wa kwanza nikarudi, na hiyo pia niliihesabu kuwa siku. Nilivaa viatu vya kufunika vidole ilhali wenzangu wamevaa makubazi, nikavikung'uta kila mara kabla ya kuvivaa, kwa kuwa unyayo wenye ganzi hautambui changarawe. Nilitia tende mfukoni kwa hofu ya sukari kushuka njiani, na mwezi wa Ramadhani niliyahamisha matembezi yakawa baada ya tarawehe. Tulikuwa jamaa: bibi mmoja mwenye shinikizo la damu, ambaye hakuna aliyemshinda kwa mwendo wala kwa maneno, mstaafu wa bandari mwenye baridi yabisi ya magoti, na mimi. Asiyeonekana alifuatwa kwake akapigiwa hodi mpaka atoke, hata kama ni kwa kutukana. Sasa bibi haonekani tena, na wa kumpigia hodi hayupo.

Asubuhi niliyotumbukia mtaroni, taa za barabarani zilikuwa zimezimika, au hazikuwashwa. Tofauti hiyo nawaachia mafundi wako. Maumivu makubwa sikuyasikia, kwa sababu ya ganzi ile ile, na ndiyo maana kidonda nilikiona nyumbani, soksi ikiwa imekwisha kulowa damu. Kidole kimoja kilikatwa. Cherehani ya mke wangu iliuzwa kulipia hospitali. Hayo nayapita upesi, maana siyo yaliyonishikisha kalamu. Lililonishikisha kalamu ni kwamba jeraha limefunga, tabibu amenipa ruhusa, viatu vipya viko chini ya kitanda, na mimi sitembei, kwa kuwa mtaro bado u wazi. Kipimo changu cha sukari cha asubuhi kabla ya kula, kilichokuwa kikikaa kwenye 7, sasa hufika 12 na kupita, vidonge vimeongezwa, na nikiuliza kliniki nifanye nini zaidi, najibiwa nitembee.

Nitembee wapi, Mheshimiwa? Upande mmoja una mtaro. Upande wa pili una magari yaliyoegeshwa, mabanda, na bodaboda zilizokimbilia njia ya miguu kwa kuwa barabara nayo ina mashimo. Bango la kuhimiza raia wajikinge na maradhi yasiyoambukiza, lenye picha ya wazee wanaotabasamu ndani ya raba nyeupe, limesimikwa hatua chache kutoka mahali nilipoanguka. Na mashimo ya nguzo zake, nakupongeza, yamezibwa barabara kwa zege. Alipokuja mgeni wa taifa, mtaro ulifunikwa kwa mbao tangu asubuhi, na alipoondoka mbao zikarudishwa bohari. Basi uwezo upo. Kinachokosekana ni kuona kwamba mwanafunzi, mchuuzi wa samaki, mjamzito na kipofu, ambao hupita hapo kila siku bila msafara, nao ni wageni wanaostahili mbao.

Huenda jambo hili halionekani kwa sababu wakubwa hupita hapo wakiwa wamekaa. Mwaka 1953 tabibu Jerry Morris na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya London, kwamba madereva waliokaa kutwa walipatwa na maradhi ya moyo zaidi kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi za mabasi hayo ya ghorofa. Naitaja habari hiyo kwa kukutakia siha katika kiti chako cha nyuma.

Ninachodai ni vifuniko vya zege, visivyo na thamani kwa mnunuzi wa vyuma. Taa zinazowaka kabla ya adhana ya alfajiri. Na njia ya miguu iachiwe miguu. Jawabu nalitaka kwa maandishi, lenye tarehe ya kazi kuanza na jina la mwenye dhamana. Usimpe mwanangu jawabu la mdomo tena, wala usiniite ofisini kwako kwa mazungumzo, kwa kuwa njia ya kuja huko hupita kando ya mtaro ule ule.

Wako mtiifu,
Mkazi na mlipa kodi wa mji huu