Giza Si Utu Uzima

Watengenezaji wa sinema za mashujaa wana ugonjwa mmoja, na sasa umetufikia Kabuchai. Shujaa akichuja sokoni, wanamficha miaka michache kisha wanamrudisha akiwa amenuna. Wanamvua rangi. Wanampa mvua, usiku na kumbukumbu mbaya ya utotoni, halafu sisi tunaambiwa hii sasa ni ya watu wazima.

Nasema umetufikia kwa sababu vijana watatu wa huku karibu na Chwele waliniletea mswada wa filamu fupi kuhusu Mango. Kwa msomaji wa mbali: Mango ndiye yule Mbukusu ambaye masimulizi yanasema alimuua nyoka mkubwa aliyekuwa akimaliza watu, akatahiriwa kwa ushujaa huo, na tohara yetu ikashika mizizi hapo. Katika mswada wa vijana hawa Mango ni mlevi. Kijiji kinamchukia, naye anakichukia kijiji. Anamuua nyoka kwa hasira zake binafsi, anatema mate, anaondoka peke yake usiku. Nikauliza, na tohara je? Wakanijibu, "Hiyo tumeitoa, Mwalimu. Tunataka iwe ya giza, kama Batman."

Haya, tuanze na huyo Batman, maana ana haki yake. Mwaka 1997 Batman & Robin ilijaa rangi na mzaha wa kitoto, ikachekwa hadi Batman akakaa miaka minane bila filamu mpya ya kwake kwenye majumba ya sinema. Mwaka 2005 Christopher Nolan akaanza upya na Batman Begins, na mwaka 2008 The Dark Knight ikaingiza zaidi ya dola bilioni moja. Ni filamu nzuri, sitamdanganya mtu. Lakini giza lile lilikuwa na kwao. Batman ni mtoto aliyeona wazazi wake wakipigwa risasi barabarani, na Frank Miller alikwisha kumrudisha usikuni kwenye katuni mwaka 1986. Nolan hakumpaka masizi, alimkuta nayo.

Wenye studio wakasoma hesabu, hawakusoma filamu. Waliona bilioni, wakaona usiku, wakadhani kimoja ndicho kilichozaa kingine. Mwaka 2015 Fantastic Four ikafanywa upya kwa uso wa matanga, ikaanguka vibaya. Hiyo tuiache, ilishajizika yenyewe.

Iliyoniudhi mimi ni Man of Steel ya Zack Snyder, ya mwaka 2013. Superman, kumbuka, analelewa na wakulima wa Kansas. Huyo ni mtoto wa shamba, tunamjua hata sisi. Basi la shule linatumbukia mtoni, kijana analisukuma hadi ukingoni na wenzake wanapona. Baba yake, badala ya kumshika mkono, analalamika kwamba siri ya nguvu zake itafichuka. Kijana anauliza kama alipaswa kuwaacha wafe, na baba anasema labda. Baadaye baba huyohuyo anachukuliwa na kimbunga huku akimnyooshea mwanawe mkono asije kumwokoa. Mwana anasimama, anatazama.

Watu wamebishana miaka kuhusu mwisho wa filamu ile, Superman anapomvunja Zod shingo baada ya mji kusagwa. Mimi shingo hainisumbui. Zod alikuwa karibu kuiunguza familia nzima. Kinachonisumbua ni ile "labda". Hebu nenda Mukuyuni, umkute mzee anapalilia mahindi yake, umwambie kwamba kijana mwenye nguvu afadhali awaache watoto wa jirani wazame ili watu wasimshangae. Atadhani umekuja kumtukana. Filamu ile imeuchukua woga wa kawaida, ikauvika koti la hekima, na wakosoaji wengi tu wakauamkia.

Najua nitajibiwa kwamba mashujaa wa zamani walikuwa wepesi mno, watu wa kuruka na kutabasamu. Wengine ndiyo. Lakini hadithi ya Mango haijawahi kuwa nyepesi, hata siku moja! Kila ukoo una namna yake ya kuisimulia, ila haya utayasikia mara nyingi: majirani waliokwisha kutahiri walimdharau, wakamwita kivulana. Nyoka alimlia watoto wake. Alijificha pangoni akamvizia, na alipomkata, kile kichwa kiliruka kikauma mti, mti ukanyauka majani. Nani atamwongezea giza mtu wa namna hiyo? Pombe ya nini?

Kinachoifanya hadithi isimame ni kwamba anarudi, na kwamba kuna watu wa kurudia. Tazama tohara yenyewe, Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili. Mtoto anapelekwa mtoni alfajiri, anapakwa tope kwa baridi ile inayouma hadi mifupani, na anarudi nyumbani jua likichomoza, watu wakimwimbia Sioyaye njia nzima. Anasimama uani mchana mweupe, mbele ya baba, wajomba na majirani, na hapepesi macho. Usiku umo. Hofu imo pia, muulize yeyote aliyepitia. Ukiikata ile safari ya kurudi, umebaki na mtu na maiti ya nyoka.

Na Mango hana studio. Superman alipoharibiwa, wenye mali walingoja, na mwaka 2025 James Gunn akamrudisha akiwa na rangi zake, anayeokoa mpaka kindi katikati ya vita. Hollywood ina pesa za kukosea mara tano. Huku kwetu, filamu ya vijana watatu wenye kamera ya kuazima inaweza kuwa ndiyo Mango wa kwanza na wa mwisho kuonwa na mtoto aliyezaliwa Kitale mjini, ambaye hajawahi kuketi na kukuye jioni akasimuliwa. Huyo hataambiwa kwamba hili ni toleo jipya. Kwake litakuwa ndilo.

Tena hao watazamaji tunaowafanyia giza ni akina nani? Nimeitazama The Batman ya mwaka 2022 kwenye kibanda cha mabati siku ya soko, karibu saa tatu nzima, mwanga ukipenya kwenye matundu ya misumari. Nusu ya filamu tulikuwa tunajitazama nyuso zetu kwenye kioo cha televisheni. Mtu wa boda aliuliza mara tatu, "Stelingi ni yupi hapo?" Hakuwa mjinga. Alikuwa ameamka saa kumi usiku, na jirani yake kwenye benchi alikuwa mkulima wa miwa anayengoja malipo. Ubaya wa dunia wanaujua bila kusomeshwa. Ndiyo maana wanampenda DJ Afro, anayechukua filamu iliyonuna akaihadithia kwa Kiswahili na Sheng hadi kibanda kizima kinacheka, na stelingi akiinuka, wanaligonga benchi.

Filamu ya Mango ikikamilika itaonyeshwa humohumo, mchana, kwa watu walewale. Nataka nione benchi wataligonga wapi.