Saa za usiku ziko na mwenyewe

Sisi vijana wa Lubondja tunawaandikia wenzetu wa Fizi, Baraka, Uvira, Bukavu na popote mlipokimbilia.

Ukipita barabara ya Lubondja saa nane ya usiku, giza ni giza kweli. Waya wa SNEL haujafika kwetu. Lakini ukitazama vizuri utaona vimwanga vidogo nyuma ya madirisha ya maduka. Ni simu. Kwenye kila simu kuko kijana amekaa juu ya mfuko wa sukari, anangojea mtu agonge. Mtu anagonga, anapitisha franka kwenye kidirisha, anachukua kibiriti, sabuni, inite za simu, kidonge cha homa ya mtoto, ao chupa ya mafuta ya pikipiki.

Mlango umefungwa na kadena. Kadena iko nje. Ufunguo uko kwa tajiri, na tajiri amelala kwake.

Kati ya mteja mmoja na mwingine, wengine wanasinzia. Wengine wanaandika.

Leo tunasema juu ya hao wanaoandika: hadithi, mashairi, maneno ya wimbo, mchezo wa kuigiza kanisani, habari za kijiji. Tunawajua vizuri, kwa sababu wengine ni sisi wenyewe. Mchana hawawezi. Mchana kuko shamba, kuko mdogo wa kupeleka hospitali, kuko maji ya kuchota, na kuko usingizi wenye kudai deni lake. Usiku ndio wakati pekee kichwa kinakuwa chao. Watu wanawacheka, eti wamesoma mpaka wakachanganyikiwa. Sisi hatucheki. Tunadai haki, na haki hii iko na hesabu yake.

Mwenzetu mmoja, hatutamtaja jina, anauza usiku tangu miaka miwili. Anaingia saa kumi na mbili ya jioni, anatoka saa kumi na mbili ya asubuhi. Siku saba kwa juma. Mshahara ni franka 90.000 kwa mwezi, kabla hawajakata manko. Kontra hakuna, konji hakuna. Katika usiku zile ameandika hadithi ndefu ya familia iliyokimbia vita ya milimani na kushuka mpaka ziwani. Amejaza kaye tatu.

Asubuhi moja karatasi za kufungia karanga zikaisha dukani. Mtu wa nyumba ya tajiri akaona kaye juu ya meza ya kuuzia, akachana. Watoto wakanunua karanga, wakala, wakatupa sura ya nne barabarani. Mwenzetu alipofika jioni alipata jalada na kurasa nane.

Alilia, ndiyo. Mtu mzima alilia. Kisha akaenda kwa tajiri kuuliza. Tajiri hakutukana, hakupiga kelele. Alimjibu kwa neno moja tu: "Na wewe ulikuwa unaandikaka saa ya nani?"

Swali hili lilituuma siku nyingi, kwa sababu siyo swali la bure. Mtu amekulipa ukae macho, wewe unaandika mambo yako. Je, si wizi? Wazee kwenye lubunga walisema ni wizi. Hata wengine kati yetu walinyamaza. Tukaamua kutafuta jibu kwenye sheria ya nchi, siyo kwenye hasira.

Sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, ile inayoitwa Code du travail, inasema kazi haipaswi kupita saa 9 kwa siku na saa 45 kwa juma. Inasema pia kazi ya usiku ni ile inayofanywa kati ya saa moja ya jioni na saa kumi na moja ya alfajiri. Sheria hii haikuandikwa kwa Kinshasa peke yake. Lubondja pia iko Kongo.

Sasa tuhesabu pamoja, polepole. Saa 12 kwa usiku, mara usiku 7, ni saa 84. Toa 45. Zinabaki 39. Kila juma, mwenzetu anampa tajiri saa 39 zinazozidi kipimo cha sheria, na hakuna hata franka moja inayolipwa juu yake. Tuangalie na mshahara: franka 90.000 kwa usiku 30 ni franka 3.000 kwa usiku. Mwaka 2018 serkali ilipanga kwamba mshahara wa chini kabisa kwa siku ni franka 7.075, na mwaka 2025 ikaupandisha tena. Yeye hajafika hata nusu ya ule wa zamani.

Papa tajiri, tunakuheshimu. Uliuliza swali, tunakujibu: alikuwa anaandika saa yake mwenyewe. Wewe ndiwe uliyekuwa unaitumia.

Tunajua mtasema nini. Mtasema, tajiri wa Lubondja siyo tajiri. Na ni kweli. Mfuko wa sukari ukitoka Baraka unapita njia ya matope na bariere. Kila bariere iko na mkono wake: huyu amevaa uniforme, yule hana uniforme, wote wako na bunduki. Mzigo ukifika, faida imekwisha liwa njiani. Mwenye duka naye anaogopa usiku, ndiyo maana anaweka kijana ndani. Tunaelewa. Lakini tazameni vizuri jinsi mzigo unavyoshuka: mwenye bunduki anamkamua mwenye duka, mwenye duka anamkamua kijana, na kijana hana mtu wa kumkamua isipokuwa usingizi wake. Mambo yanamwishia yeye. Hata usiku wa risasi, wa kwanza kugongewa dirisha ni yeye, na hawezi kukimbia kwa sababu kadena iko nje. Akilala karibu na chupa za mafuta na mshumaa ukaanguka, tutamtoa wapi?

Ndiyo maana hasira yetu haiko kwa mwenye duka peke yake. Tunauliza serkali: tangu lini mkaguzi wa kazi alifika Lubondja kuuliza kijana mmoja analala saa ngapi? Wa kodi wanafika. Wa takse wanajua njia. Bariere ziko kazini mchana na usiku. Serkali inayojua njia ya kuja kuchukua, iko na miguu ya kuja kulinda pia.

Wengine wanatuambia: "Mwandishi lazima ateseke, mateso yanafundisha." Maneno haya yanapenda kusemwa na watu walioshiba. Wanatutajia Shaaban Robert, eti naye hakuishi kwa kalamu. Vizuri, tumtaje basi. Shaaban Robert alianza kazi mwaka 1926 kama karani wa forodha kule Pangani, akabaki kwenye forodha mpaka 1944. Karani yuko na mshahara. Karani yuko na saa ya kufunga ofisi. Mfano huo unatuunga mkono sisi. Hatukusema mwandishi asiuze sabuni. Kuuza sabuni siyo aibu, na kwenye kile kidirisha tumesikia habari ambazo hakuna shule inafundisha: mama anayenunua mshumaa mmoja kwa ajili ya kilio, mchimbaji aliyetoka Misisi mikono mitupu, askari anayeomba sigara kwa deni na kusema asante kama mtoto. Kazi inatupa habari. Tunachokataa ni kazi isiyoacha saa hata moja ya kuziandika.

Wengine wanasema kuandika ni mchezo, haibadilishi kitu. Tuwakumbushe jambo la hapa hapa. Tarehe 24 mwezi wa nne 1965, mtu wa Argentina alivuka ziwa Tanganyika kutoka Kigoma na kuingia katika milima yetu. Dunia inamwita Che Guevara. Huku alijiita Tatu, kwa Kiswahili, yaani namba tatu. Alikaa karibu miezi saba, vita ikamshinda, akavuka kurudi mwezi wa kumi na moja. Alifika Dar es Salaam, akapata chumba kwenye ubalozi wa Kuba, akaandika kitabu. Ndani yake kuko Fizi, kuko Baraka, kuko Lubondja yetu. Leo mtu wa Ulaya akitaka kujua usiku wa milima hii ulikuwaje mwaka ule, anafungua kitabu hicho.

Hatumchukii. Lakini mababu zetu waliobeba mizigo ile, waliolisha wale wapiganaji, waliozika watoto mwaka ule, nao walikuwa na maneno yao. Tofauti haikuwa akili. Yeye alipata vitu viwili: chumba na muda. Wao hawakupata hata kimoja, wakafa na habari zao. Ndiyo maana mpaka leo tunasoma habari zetu wenyewe kwa mdomo wa mtu mwingine.

Tuko na mfano wa karibu zaidi. Fiston Mwanza Mujila, mtoto wa Lubumbashi, alitoa mwaka 2014 riwaya yenye jina Tram 83. Ni riwaya ya usiku katika mji wa machimbo, na ndani yake kuko mwandishi anayehangaika kuandika katikati ya kelele. Ikitoka, yeye alikuwa anaishi Graz, kule Austria. Tunamshangilia. Ila tunauliza: ni lazima mtu avuke bahari ndipo apate meza ya kuandikia usiku wa nyumbani?

Sasa tuje kwenye wizi wa pili, huu unaofanywa na watu wenye shati safi. Mtu wa mradi anafika, anasikia kuko kijana anaandika, anaomba kaye "asome tu." Baada ya miezi, yale maneno yanatokea kwenye karatasi nzuri yenye picha, bila jina la kijana. Mwanasiasa anaomba hotuba, analipa fanta. Redio inaomba mchezo, inalipa kwa kusema asante hewani. Kuko sheria hapa pia: ordonnance-loi namba 86-033 ya tarehe 5 mwezi wa nne 1986, juu ya haki za mwandishi. Aliyetunga ndiye mwenyewe. Kuazima kaye siyo kununua maneno.

Na hapa tuseme ukweli wote, hata unaotuaibisha. Sisi pia tuko kwenye orodha ya wadeni. Ni mara ngapi tumempigia mwenzetu simu saa tisa ya usiku: "Yaya, tutengenezee tangazo, kesho asubuhi linatoka"? Akaandika, akasahihisha, akatuma kwa inite zake mwenyewe. Tukaweka jina la harakati, tukapongezwa. Hata maandishi haya yalianza juu ya meza ya kuuzia, kati ya mteja wa sabuni na mteja wa sigara. Hatuwezi kumdai tajiri kile ambacho sisi hatulipi.

Kwa hiyo tunasema hivi:

1. Ufunguo ukae ndani. Kuanzia leo, hakuna kijana wa kufungiwa dukani na kadena ya nje. Hili halina bei, tajiri yeyote anaweza kulifanya usiku wa leo.

2. Usiku ugawanywe. Vijana wawili wapokezane, na kila mmoja apate usiku wa kulala kwao kila juma.

3. Manko ihesabiwe mbele ya wote wawili, asubuhi, kwa kaye ya duka. Manko ya kuhesabiwa na mtu mmoja ni kukata mshahara kwa jina lingine.

4. Wakaguzi wa kazi wafike Fizi, Baraka na Lubondja, wapite usiku, siyo mchana wakati maduka yote yanapendeza.

5. Mradi, redio, kanisa ao mwanasiasa anayetaka maneno ya kijana, alipe na aandike jina lake. Asiyetaka, aandike yake.

6. Sisi wenyewe: kuanzia sasa anayetuandikia anarudishiwa inite, anapewa chakula cha usiku ule, na jina lake linawekwa akipenda. Akiogopa kwa usalama wake, tunalificha, lakini hatumsahau.

Na kwa wewe uliye nyuma ya kidirisha usiku huu, unasoma hii kwa mwanga wa simu iliyobaki na moto kidogo: usiache. Andika tarehe juu ya kila ukurasa. Andika jina lako ndani ya jalada. Piga picha kurasa zako, mtumie mtu unayemwamini, ili karanga zisije zikala kazi yako mara ya pili. Hesabu saa zako pia, uziandike pembeni ya hadithi, kwa sababu siku ya kudai tutazihitaji zote mbili.

Mwenzetu wa kaye tatu ameanza tena sura ya nne. Anasema haitoki kama ile ya kwanza. Anaiandika hivyo hivyo. Jumapili tutakaa naye mchana, kwenye kivuli, atatusomea ile iliyokwisha, na kila atakayekuja atoe franka kidogo, tununue kaye ya nne na biki mbili.

Wahenga walisema, usiku wa deni haukawii kukucha. Mwenye deni ajue kumekaribia kukucha.

Sisi vijana wa Lubondja. Tuko macho.