Kompyuta Inayoganda Small Heath Haitapona Tanga



Mwezi uliopita tulikutana hapa Birmingham, katika ukumbi mmoja wa Small Heath, kupanga mizigo ya kontena. Mezani zilikuwepo kompyuta kumi na mbili, zote za kupelekwa shule moja ya sekondari mkoani Tanga. Nikauliza: zimepimwa? Dada mmoja akanijibu kwa moyo mweupe kabisa: "Hii yangu nzima, ila huwa inaganda mara moja moja. Nadhani ni virusi. Wakifika nayo kule watapiga Windows upya." Watu wakaitikia kwa vichwa, mwenyekiti akapita kwenye ajenda nyingine, chai ikaletwa.

Mimi chai haikunipita. Neno lililonikwama kooni ni hilo "ila". Lugha yetu ni ya ajabu, neno hilo hilo ndilo "isipokuwa" na ndilo "kasoro". Dada yule alitutajia kasoro waziwazi, nasi tukasikia "isipokuwa" tu.

Sisemi haya kama mtu msafi. Mwaka 2009 nilimpelekea shemeji yangu, ambaye ni mwalimu, kompyuta ya mezani yenye ila hiyo hiyo. Kwangu ilikuwa ikiganda labda mara mbili kwa wiki. Nazima, nawasha, naendelea. Kwake ilianza kuganda kila siku. Siku moja iligandia katikati ya alama za mitihani ambazo hakuwa amezihifadhi. Mkuu wa shule akasema mwalimu hajui kutunza vitu vya Ulaya. Shemeji akaita fundi, akafomati, akalipwa. Baada ya siku tatu ikaganda. Akaita mwingine, naye akafomati, akalipwa. Wa tatu vilevile. Wa nne ndiye aliyechukua bisibisi na kufungua boksi. Kandokando ya prosesa akakuta kapasita zimevimba vichwa, mbili zimetoa utomvu wa kahawia. Fedha zote hizo zilitoka kwenye mshahara wake. Na hakuniambia. Nilikuja kusikia kwa dada yangu miaka mitatu baadaye, msibani, tena kwa kunichekea.

Haikuwa nuksi ya mashine yangu peke yake. Kuanzia mwaka 1999 hivi hadi 2007 kompyuta nyingi duniani zilitoka viwandani zikiwa na kapasita mbovu. Dell, ambayo wala siyo iliyotengeneza ile yangu, mwaka 2005 ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya vifaa vibovu vya namna hiyo. Kampuni kubwa ilikiri kwa fedha, sisi tunasema virusi.

Hivyo virusi tumevifanya kama wachawi: kila kisichoelezeka ni wao. Lakini mashine inayoganda ovyo, leo unaandika barua, kesho hujagusa kitu, inakuomba uangalie mwili wake kwanza. Tena kupima si kazi ya mhandisi. Chukua flashi, weka Linux, iwashe kompyuta kutoka humo bila kugusa diski, uiache ifanye kazi mchana kutwa. Ikiganda na humo, Windows haina hatia. Kisha iendeshe Memtest86+ usiku kucha; hiyo hupima memori, na hata kosa moja ni kosa. Likitokea, chomoa vipande vya memori, rudisha kimoja kimoja, upime tena, kwa maana mara nyingine kibaya ni kimoja, na mara nyingine hakikukaa sawa kwenye mdomo wake tu. Diski nayo ina kumbukumbu ya maradhi yake, programu ya bure kama CrystalDiskInfo itakusomea. Fungua boksi utazame vumbi kwenye feni na vichwa vya kapasita. Pawasaplai ndiyo yenye ujanja, kwa kuwa ikichoka huiga maradhi ya wenzake wote; hapo hapana njia ila kuazima nyingine nzima na kubadilisha. Wiki moja inatosha kwa yote haya, na sehemu kubwa ya wiki hiyo wewe umelala.

Na kwa nini upimaji ufanyike hapa? Kwa sababu hapa ndipo mgonjwa anapobembelezwa. Chumba cha Birmingham kina nyuzi 18 au 20, na umeme hautikisiki. Tanga nyuzi 30 ni jambo la kawaida, kuna chumvi ya bahari, na umeme hukatika na kurudi kwa kishindo. Mafundi wana kanuni yao ya kukadiria: joto likizidi kwa nyuzi 10, umri wa kapasita hupungua nusu. Basi inayoganda kwako mara moja kwa wiki, usishangae kule isipomaliza asubuhi.

Najua nitakachojibiwa, kwa sababu nimeshajibiwa: kule kuna mafundi kuliko huku. Kweli tupu. Kijana wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue, Nairobi, atabadilisha kapasita kwa risasi na moto huku akipiga soga, wakati hapa utaambiwa ununue mpya. Basi mpelekee huyo kijana, umwambie ni mbovu, na ulipe wewe. Usimpelekee mwalimu ukimwambia ni nzima.

Sheria nayo haiko upande wetu. Kanuni za Uingereza za mwaka 2013 zinataka anayesafirisha kifaa cha umeme kilichotumika awe na ushahidi kwamba kimepimwa na kinafanya kazi. Asipokuwa nao, kinahesabiwa taka. Na chini ya Mkataba wa Basel, tangu tarehe 1 Januari 2025 taka zote za umeme, zenye sumu na zisizo na sumu, hazivuki mpaka mpaka nchi inayopelekewa ikubali kwanza. Sisi tunaziviringisha ndani ya blanketi, tunaandika "zawadi".

Linaloniudhi zaidi ni kwamba nzima zipo tele. Tangu Microsoft ilipositisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, maofisi yanatoa mashine zisizo na ugonjwa wowote, kosa lao ni kwamba hazikubali Windows 11 tu. Hizo kwa Linux zitafundisha miaka. Kwa nini basi tuwachagulie watoto wa watu zile tulizozichoka wenyewe?

Zile kumi na mbili nimezichukua, ziko sebuleni kwangu, na mke wangu ameshaanza kuhesabu siku. Hadi juzi nimepima tano. Mbili nzima. Moja memori, nimebadilisha. Moja diski inakata roho. Ya dada yetu imeganda ndani ya Linux saa nane za usiku, na kapasita zake hazina neno, kwa hiyo natafuta pawasaplai ya kuazima. Mwenye nayo anipigie kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumatatu kontena linafungwa.