Punguzo la Kodi ya Gawio kwa Kampuni za Nje: Sharia Inatazama Nini?

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Bwana Mtume Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zangu Waislamu, kila unapofika mwezi wa Juni, bajeti zinaposomwa Dodoma na Chukwani, maswali ya kodi huwa mengi baada ya sala. Anauliza mwenye duka Darajani, anauliza na mwenye nyumba ya wageni ya vyumba sita Jambiani. Swali linalorudi kila mwaka ni hili: vipi mimi mwananchi ninabanwa, na kampuni ya nje inapunguziwa kodi pale inapopeleka faida kwao? Je, dini inaliridhia hilo?

Swali lina haki ya kujibiwa, lakini haifai kulitolea hukumu jambo kabla ya kulielewa. Basi tuanze na jambo lenyewe.

Kodi ya zuio ni nini?

Tuchukue mfano wa hoteli ya ufukweni. Imesajiliwa hapa nchini, lakini hisa zake zote zinamilikiwa na kampuni iliyo nje. Hiyo ya nje ndiyo kampuni mama. Mwisho wa mwaka hoteli imepata faida ya shilingi milioni 100. Kwanza inalipa kodi ya kampuni, asilimia 30, yaani milioni 30. Zinabaki milioni 70. Zikitaka kwenda kwa kampuni mama kama gawio, sheria inaitaka hoteli ikate sehemu na kuipeleka TRA kabla fedha hazijaondoka. Ndiyo maana ikaitwa kodi ya zuio: anayelipa ndiye anayekata, kwa sababu mpokeaji yuko ng'ambo na si rahisi kumfuata huko kumdai.

Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, kiwango cha kawaida cha zuio hilo ni asilimia 10. Katika mfano wetu ni milioni 7. Kikishuka kuwa asilimia 5, ni milioni 3 na nusu. Kikiwa sifuri, hakibaki kitu. Kwa hoteli moja tofauti hiyo ni ndogo. Kwa mabenki, kampuni za simu na mahoteli makubwa, mwaka baada ya mwaka, hiyo ni madarasa ya skuli na dawa za hospitali.

Jambo hili linatuhusu sisi wa visiwani moja kwa moja. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano na sheria yake inatungwa na Bunge, lakini kinachokusanywa na TRA huku Zanzibar kinatumika na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Shilingi isiyozuiwa Kiwengwa ndiyo isiyoonekana Mnazi Mmoja.

Milango mitatu ya punguzo

Punguzo halikuja kwa njia moja. Mlango wa kwanza ni soko la hisa: kampuni iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, gawio lake hukatwa asilimia 5 badala ya 10. Mlango wa pili ni maeneo maalumu ya uzalishaji: sheria ya EPZ ya mwaka 2002 iliweka msamaha wa miaka kumi, pamoja na msamaha wa zuio la gawio, kwa wanaozalisha bidhaa za kuuza nje. Mlango wa tatu ni mikataba baina ya nchi mbili ya kuepusha mtu kutozwa kodi mara mbili kwa pato moja.

Huo wa tatu ndio unaoleta mjadala zaidi, na si kila mkataba ni punguzo. Mkataba wetu na Italia unataja asilimia 10, sawa na sheria ya ndani. Ule wa Canada unaruhusu hadi asilimia 20 au 25, kwa hiyo asilimia 10 yetu inabaki pale pale. Lakini ule wa India unashusha zuio hadi asilimia 5 ikiwa kampuni mama ina angalau robo ya hisa.

Sayyidna Umar (r.a.) na wafanyabiashara wa mpakani

Wapo wanaodhani kwamba kumtoza mgeni kwa kiwango tofauti, au kumpunguzia, ni uzushi wa zama hizi. Sivyo. Zama za Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.) uliwekwa utaratibu wa ushuru kwa wafanyabiashara waliopita mipakani, na ndani yake tunakuta misingi mitatu inayofanana sana na tunayoyazungumza.

Wa kwanza ni kutendeana sawa. Abu Yusuf katika Kitab al-Kharaj anaeleza kwamba Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) aliandika kuwa wafanyabiashara Waislamu wanapokwenda nchi za watu hutozwa sehemu ya kumi. Sayyidna Umar akaagiza wafanyabiashara wa nchi hizo nao watozwe kama wanavyowatoza Waislamu. Huu ndio mzizi wa mkataba: unipunguzie wangu, nikupunguzie wako.

Wa pili ni kutotozwa mara mbili. Mtoza ushuru Ziyad bin Hudayr alimtoza Mkristo mmoja wa kabila la Taghlib, kisha alipopita tena mwaka ule ule akataka kumtoza tena. Yule bwana akafunga safari kumshitakia Sayyidna Umar, na Sayyidna Umar akaagiza asitozwe tena mpaka mwaka utimie. Tuzingatie: hakuwa Muislamu, na haki yake ililindwa.

Wa tatu ndio kiini cha suali letu. Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba Sayyidna Umar alikuwa akiwatoza Wanabat nusu ya ushuru, yaani asilimia 5, kwa ngano na mafuta, ili vitu hivyo viletwe kwa wingi Madina. Kwa nafaka za jamii ya kunde aliwatoza asilimia 10 kamili. Wafanyabiashara ni wale wale na mji ni ule ule. Kilichotofautisha ni haja ya watu wa Madina. Hakumpunguzia Mnabat kwa kuwa ni tajiri au ni mgeni wa heshima. Alipunguza ili ngano ifike sokoni, na ngano ni kitu kinachoonekana na kupimwa.

Kwa hiyo jawabu la kwanza: punguzo kwa mgeni, kwa asili yake, linajuzu. Sharti lake ni ngano.

Mtawala ni kama msimamizi wa yatima

Imam al-Shafi'i (r.a.), ambaye madhehebu yake ndiyo yetu wengi visiwani, aliifananisha nafasi ya mtawala kwa raia na nafasi ya walii kwa yatima. Kutokana na hapo mafakihi wakaweka kanuni kuwa maamuzi ya mtawala juu ya raia yamefungwa na maslahi yao. Walii anaweza kulikodisha shamba la yatima kwa bei nafuu kama mkodishaji atalipanda na kulichimbia kisima. Hawezi kulitoa kwa bei ya kutupa kwa sababu tu mkodishaji ana maneno mazuri, wala kwa kuogopa kwamba atakwenda kwa jirani.

Tazama yaliyowakuta majirani zetu. Mwaka 2012 Kenya ilitia saini mkataba na Mauritius ulioshusha zuio la gawio hadi asilimia 5 kwa kampuni mama yenye angalau asilimia 10 ya hisa. Mauritius yenyewe haizuii kodi kwenye gawio linalotoka kwake. Basi hofu ikawa wazi: kampuni ya nchi ya tatu inaweza kufungua ofisi Mauritius, fedha zikatoka Nairobi kwa punguzo, zikapita hapo na kuendelea na safari. Mtandao wa Haki ya Kodi Afrika ulifungua kesi, na tarehe 15 Machi 2019 Mahakama Kuu ya Kenya ikaubatilisha mkataba ule kwa sababu haukuwasilishwa bungeni kama sheria inavyotaka. Mwezi uliofuata nchi hizo mbili zikatia saini mkataba mwengine.

Uganda nayo ilikubaliana na Uholanzi mwaka 2004 kwamba kampuni mama yenye angalau nusu ya hisa isizuiwe chochote, hali ya kuwa sheria ya Uganda inataka asilimia 15. Baadaye Uganda ikaweka katika sheria yake sharti kwamba anayedai unafuu wa mkataba awe ndiye mmiliki wa kweli wa pato na awe na shughuli halisi katika nchi anayodai kutoka. Kenya nayo imeweka kifungu kinachomnyima unafuu anayedai kwa jina la nchi ambayo nusu au zaidi ya wenye mali wake hawaishi.

Hapa ndipo milango ile mitatu inapotofautiana. Anayeingia kwa mlango wa soko la hisa ametoa kitu: amefungua vitabu vyake hadharani, na mwananchi wa Pemba mwenye akiba yake anaweza kununua hisa. Anayeingia kwa mlango wa EPZ amewekewa muda na sharti la kuuza nje. Lakini anayeingia kwa mkataba kwa kuwa tu ana sanduku la posta katika nchi fulani, huyo ameleta anuani. Hakuleta ngano.

Wasemao mwekezaji atakimbia

Hoja hii haipaswi kudharauliwa. Mtaji una miguu, na vijana wetu wengi wanapata riziki katika mahoteli. Lakini mtu hajengi hoteli Nungwi kwa sababu ya asilimia 5 ya gawio. Anajenga kwa sababu ya bahari, amani na ardhi, na vitu hivyo vyote ni amana ya watu wa hapa. Katika Suratul-Hashr, aya ya 7, Mwenyezi Mungu ametubainishia hekima ya mgawanyo wa mali: isiwe ni kitu cha kuzunguka baina ya matajiri peke yao.

Na upande wa pili tuwe waadilifu. Mwekezaji aliyekuja kwa ahadi ya kiwango fulani, akatimiza masharti, haijuzu kumgeuka katikati ya njia. Aya ya kwanza ya Suratul-Maida inatuamrisha kutimiza mikataba, na haikumbagua asiyekuwa Muislamu. Kosa la mkataba mbaya hurekebishwa kwa kuujadili upya au kuufuta kwa utaratibu wake.

Wajibu wetu sisi

Kwanza, kwa wawakilishi na wabunge wetu. Kabla ya kuridhia mkataba, waulize: tunapata nini, kwa muda gani, nani atapima, na mmiliki wa kweli ni nani? Walii wa yatima akiulizwa hesabu hakasiriki.

Pili, kwa wahasibu, wanasheria na wenye kuazimisha majina yao kwenye karatasi za kampuni. Kumshauri mteja atumie unafuu ambao sheria imempa kwa shughuli yake ya kweli ni kazi halali. Kumtengenezea makao ya uongo, au kutia saini kwamba jina fulani ndilo mwenye mali na wewe unajua silo, huo ni ushahidi wa uongo na kusaidiana katika dhulma, na ujira wake hauna baraka.

Tatu, kwa mwenye duka aliyeuliza. Kupunguziwa mwengine hakukuhalalishii wewe kuficha mauzo. Mafakihi kama al-Ghazali na al-Shatibi wamekubali kuwa Hazina ikipungukiwa, mtawala anaweza kuwataka wenye uwezo wachangie kwa uadilifu na kwa haja ya kweli. Hiyo siyo zaka, wala zaka haiondoki kwa kulipa kodi. Ukiona dhulma katika kiwango chako, una haki ya kudai kwa sauti na kwa hoja, kama yule Mtaghlib aliyefunga safari mpaka kwa Sayyidna Umar akapata haki yake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaongoze viongozi wetu katika kuihifadhi amana, na aibariki riziki ya visiwa vyetu. Wallahu a'lam.