Kisukari, Usomaji wa Jeni na Ridhaa ya Mtoa Damu

Mgonjwa wa kisukari mara nyingi huelezwa kwamba maradhi yake "ni ya kurithi". Neno hilo humshukia kama hukumu. Katika fikra za jamii zetu mtu hurithi shamba, jina au deni, na akirithi, kitu ni chake chote. Kwa hivyo aliyezaliwa na mzazi mwenye kisukari hukata tamaa kabla hajaugua, naye asiye na mzazi wa namna hiyo hujiona salama akaendelea na soda yake asubuhi na jioni. Wote wawili wamepotoshwa na neno moja.

Sayansi yenyewe inasema jambo tofauti kabisa. Mradi wa kusoma jeni zote za binadamu ulianza mwaka wa 1990 ukakamilika mwaka wa 2003, kwa gharama iliyokaribia dola bilioni 3. Leo DNA ya mtu mmoja husomwa kwa dola zisizofika elfu moja, na ndiyo sababu watafiti wameweza kulinganisha watu kwa maelfu na malaki. Mnamo 2006 watafiti wa Iceland waliitambua jeni iitwayo TCF7L2, ambayo hadi sasa ni miongoni mwa zile zenye athari kubwa zaidi katika kisukari cha aina ya pili. Hata hivyo, wako wengi walio na badiliko hilo la jeni na hawaugui maishani mwao. Kufikia 2024, utafiti uliojumuisha zaidi ya watu milioni 2.5 ulikuwa umebainisha sehemu zaidi ya 600 za DNA zinazohusiana na ugonjwa huu. Haba na haba, basi, hujaza kibaba: kila sehemu hutia punje yake, nao ulaji, unene na maisha ya kukaa kitako huongeza zao. Mhudumu wa afya anayetaka kueleza hatari ya kurithi kisukari na aanzie kwenye kibaba, aliache shamba la marehemu.

Najua nitaulizwa: ya nini haya yote, ilhali wapo wagonjwa wanaokosa hata pesa za kununulia insulini? Ni swali la haki, na kwa muda mrefu nami nililiuliza kwa ukali. Lililonibadilisha ni habari ya kipimo kiitwacho HbA1c, ambacho wagonjwa wengi wanakijua. Kipimo hiki huangalia sukari iliyogandamana na himoglobini ndani ya chembe nyekundu za damu, na kwa njia hiyo hukadiria wastani wa sukari mwilini kwa miezi mitatu hivi. Kinategemea chembe hizo kuishi muda wake wa kawaida, yaani takriban siku 120. Zikifa mapema, hazipati wasaa wa kukusanya sukari, na kipimo hutoa jibu la chini kuliko hali halisi.

Mwaka wa 2017 watafiti walionyesha kwamba badiliko moja katika jeni ya G6PD, linalopatikana kwa takriban asilimia 11 ya Wamarekani Weusi, hushusha kipimo hicho pasipo kuishusha sukari yenyewe. Mabadiliko ya jeni hiyo yameenea penye malaria kwa kuwa humpa mwanadamu kiasi fulani cha kinga. Pwani yetu na kandokando ya Ziwa Viktoria ni miongoni mwa mahali hapo. Mnamo 2019, utafiti wa Uganda uliochunguza jeni za watu wapatao 6,400 na kusoma DNA nzima ya karibu watu 2,000 ulidhihirisha kuwa thalasemia ya alfa, ambayo pia huzuia makali ya malaria, inahusiana na majibu ya kipimo kicho hicho. Mgonjwa wa Kilifi au wa Siaya basi aweza kuambiwa yu salama huku figo na macho yake yakiharibika. Hilo lisingegunduliwa kwa kuisoma damu ya Wazungu peke yake, hata wangesomwa wote.

Wakenya wamekwisha kushiriki. Mwaka huo huo wa 2019, uchunguzi wa wagonjwa wa Nijeria, Ghana na Kenya, wakiwemo wa Eldoret, uliihusisha jeni ya ZRANB3 na kisukari miongoni mwa Waafrika. Lakini walioshiriki katika tafiti za aina hii hapa nchini walielewa nini walipokunja mikono ya mashati? Hapo ndipo suala hili linapoingia katika uwanja wetu sisi wanafunzi wa Kiswahili.

Pwani bado kuna wanaokumbuka hofu ya mumiani, wanyonya damu waliosemekana kutumwa na wakubwa. Tusiicheke. Ni hofu ya watu ambao damu yao ilichukuliwa bila maelezo wanayoyaelewa. Siku hizi maelezo yapo, ila tazama lugha yake. Kibali hutolewa na ofisi. Idhini hutolewa na mwenye mamlaka, awe mzazi au chifu. Ridhaa hutoka moyoni mwa mtu aliyeelewa akakubali. Fomu inayoyachanganya maneno haya matatu humfanya mama aamini kwamba daktari amekwisha kuamua, kilichobaki ni kidole gumba. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za jeni kuwa taarifa nyeti. Ni vigumu kulinda cha mtu asichojua kuwa amekitoa, sembuse kumrudishia majibu yake.

Napendekeza chama chetu kianze na fomu moja tu. Tuiombe kwa watafiti, tuiandike upya, kisha tuisome kwa sauti mbele ya wazee wa mtaa mmoja, na kila mahali watakapotukatiza kwa swali tupatie alama.