SIMU YA MFANYA KAZI NA SIKIO LA SERIKALI



Wazee waliotutangulia katika reli walivaa kipande shingoni, ndani ya kikebe cha chuma. Sheria yake ilitungwa 1915, ikaanza kushika kazi baada ya Vita Kuu. Ndani yake zilikuwamo alama za vidole, jina la bwana na mshahara, na mtu akiacha kazi bila ruhusa polisi walijua pa kuanzia kumtafuta. Harry Thuku alipokamatwa Machi 1922 kipande kilikuwa katika malalamiko yake, na watu waliokwenda kumdai walipigwa risasi Nairobi.

Leo hatuvai kikebe, tunacho cha mfukoni. Laini ya simu imeandikishwa kwa kitambulisho chako. Simu yaweza kueleza ulimpigia nani, saa ngapi, ukiwa karibu na mlingoti gani. Kipande hakikujua hata nusu ya hayo.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 31, yasema kila mtu ana haki ya faragha: asipekuliwe ovyo yeye wala nyumba yake, na mawasiliano yake yasiingiliwe. Lakini Desemba 2014 Bunge lilipitisha sheria ya kurekebisha sheria za usalama. Hatusahau ulikuwa wakati gani. Mwezi huo huo wachimba mawe 36 waliuawa huko Mandera, wafanya kazi kama sisi, na hatumwombei muuaji mahali pa kujificha. Hata hivyo sheria ile iliruhusu vyombo vya usalama kunasa mawasiliano ili kuzuia ugaidi, kwa utaratibu utakaowekwa na Waziri. Februari 2015 Mahakama Kuu ilifuta vifungu vinane vya sheria hiyo. Hicho cha kunasa mawasiliano kilibaki.

Mahakama twaiheshimu, lakini twauliza: Waziri aweke utaratibu wa kuwachunga watu wake mwenyewe? Hiyo ni sawa na kumpa karani funguo za sanduku na daftari la hesabu pamoja.

Askari akija kupekua nyumba hubisha hodi. Mke wako amwona, jirani amwona, na wewe waweza kuitisha hati. Anayesikiliza simu habishi hodi. Hutakwenda mahakamani kulalamika juu ya jambo usilolijua. Kwa hiyo lazima jaji aulizwe kabla, kila mara. Si dai geni, kwani sheria ya 2012 ya Idara ya Ujasusi yaitaka idara hiyo ipate hati ya Mahakama Kuu.

Wengine husema asiye na kosa hana la kuficha. Maneno hayo ni ya mtu asiyewahi kupanga mgomo! Kifungu cha 41 chatupa haki ya kugoma, tena kwa halali. Lakini kamati ikizungumza usiku kwa simu juu ya siku ya kutoa notisi, na neno hilo likapita mkono kwa mkono hadi kwa mwajiri, asubuhi viongozi watakuta barua za uhamisho mezani. Hakuna aliyevunja sheria hapo, na mgomo umekufa.

Twataka mambo mawili. Hati ya jaji itangulie, hata kwa ugaidi. Na uchunguzi ukiisha bila kosa kuonekana, mtu aambiwe kwamba alisikilizwa. Matawi yajadili jambo hili katika mkutano ujao, na makatibu walete maazimio ofisini kwa maandishi, si kwa simu.